Umepiga kwa Miaka Mingapi?

Jumatatu, 3 Juni

Nimemfukuza mpiga ngoma. Safi! Nimemfukuza kwa ujumbe wa simu, mistari miwili, na alama ya dole gumba mwishoni ili asijisikie vibaya.

Mpiga ngoma mwenyewe ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Fundi bomba. Jina la kisanii, Radi. Tumepiga hevi metali pamoja miaka kumi na minne, mimi gitaa na sauti, yeye ngoma, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yangu. Kosa lake ni kwamba amesema wimbo wangu mpya una kasi mno. Eti tupunguze kidogo, hauna mahali pa kuvuta pumzi. Kuvuta pumzi! Wimbo unaitwa "Kutu ya Milele". Kutu haivuti pumzi.

Na jambo lenyewe si la mchezo. Mtangazaji wa kipindi cha metali cha Jumamosi mchana ametangaza kwamba anapokea nyimbo zilizorekodiwa nyumbani. Mwisho wa kupokea ni Alhamisi ya wiki ijayo. Atachagua mmoja tu, atauweka hewani Jumamosi tarehe 15, saa sita kamili mchana. Nina miaka arobaini na mmoja. Wimbo wangu haujawahi kusikika nje ya kuta za nyumba hii, ukimtoa jirani, naye aliusikia kwa kulalamika. Nataka mara moja tu maishani nipite mbele ya nyumba ya mtu nisiyemjua, nijisikie nikitoka redioni kwake. Hilo tu. Sitaomba kingine.

Kwa hiyo nitatumia programu ya ngoma ya kompyuta. Programu haichoki, haichelewi, haimalizi sukari. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu. Ameniuliza kama nimemwambia kaka yake ana kwa ana. Nimemjibu kwamba nimeweka dole gumba. Akanitazama kama anavyotazama daftari lisilo na jina.

Jumanne, 4 Juni

Kuchagua programu ya ngoma ni kazi kuliko kuchagua mchumba. Mchumba hakuulizi kompyuta yako ina nafasi kiasi gani.

Ya kwanza nimeipa jina Jitu. Ngoma zake zilirekodiwa kwenye ukumbi wa mawe, kila toazi limepigwa mara mia mbili kwa nguvu tofauti. Ukubwa wake, gigabaiti tisini. Nimebonyeza ishuke. Kompyuta imesema itamaliza baada ya siku kumi na tisa. Kisha ikazimika yenyewe, nadhani kwa woga.

Ya pili nimeiita Sufuria. Imeingia kwa dakika moja, nikafurahi mapema. Ngoma zake zote, kubwa kwa ndogo, zina sauti ya mtu anayeosha vyombo akiwa amenuna. Mama mkwe amegonga ukuta na kuuliza nani yuko jikoni.

Ya tatu ndiyo yenyewe! Ngoma nzito, kavu, za kutisha. Hata Kiswahili imetiwa, ingawa mtafsiri alikuwa na haraka zake. Na unaijaribu bure siku kumi. Tatizo, anwani yangu ya barua pepe ilishatumika. Mwaka jana nilijaribu programu hii hii, na siku zote kumi nikazimaliza nikichagua rangi ya ngoma. (Nilichagua nyeusi.) Anwani ya mke wangu nayo ilitumika mwaka juzi, katika jambo ambalo tumekubaliana tusilitaje.

Imebaki anwani moja tu ndani ya nyumba hii.

Jumatano, 5 Juni

Mama mkwe anaishi nasi, chumba cha mbele. Ana miaka sitini na minane, mstaafu, mtu wa kunyoosha shuka mpaka lionekane limepigwa rula. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, akaanza na taipureta, akamalizia na kompyuta. Barua pepe yake nilimfungulia mimi. Neno la siri ninalijua.

Nimejaza fomu kwa jina lake. Fomu ikauliza: Umepiga kwa miaka mingapi? Sikutaka kudanganya, mimi si mtu wa hivyo. Nikaenda sebuleni, nikamwamkia, nikamuuliza mama, hivi umepiga kwa miaka mingapi? Akaweka kikombe chini. Akasema thelathini na mmoja, bila kufuta hata herufi moja. Nikaandika 31.

Fomu ikauliza: Unapiga kwa mtindo gani? Nikarudi sebuleni. Mama akasema vidole vyote kumi, macho mbele, mgongo wima, na wale wanaopiga kwa vidole viwili ni wahuni. Nikaandika hivyo hivyo.

Fomu ikauliza: Kasi yako? Mama akasema maneno tisini kwa dakika. Nikaandika tisini, maneno nikayaacha.

Programu ikajibu papo hapo: Karibu, Mpiga Ngoma Mkongwe! Sikudanganya hata neno moja. Naliweka hilo hapa kwa maandishi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeaga kazini, nimesema nina mafua. (Tunachonga mihuri ya mpira. Bosi anaogopa mafua kuliko wizi.)

Programu hii ina kitufe kinaitwa Ubinadamu. Ukikiongeza, mpigaji anakosea kidogo kidogo kama mtu. Ukikishusha, kila pigo linatua mahali pake kama msumari. Nimekipeleka hadi mia kwa majaribio. Mpigaji akachelewa, akakosa toazi, akaangusha kitu, kidogo aombe ruhusa ya kwenda msibani. Radi mtupu! Nimekishusha hadi sifuri. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Ameuliza hiyo sifuri ya ubinadamu ni ya programu au ni yangu.

Sasa shida. Pigo linawekwa moja moja, kwa kipanya. Nimeanza saa tatu asubuhi. Saa saba mchana nilikuwa nimepata sekunde mbili za wimbo. Sekunde mbili nzuri sana, lakini mbili. Wimbo una dakika tatu na sekunde ishirini. Mke wangu amepiga hesabu kichwani huku akivua viatu. Saa mia nne. Siku kumi na sita na saa kumi na sita, bila kula wala kulala. Nimemwambia hesabu zake hazina moyo. Akasema ndiyo maana huwa sahihi.

Jumamosi, 8 Juni

Radi amekuja kumwona mama yake. Ule ujumbe hakuutaja hata kidogo. Amenisalimia vizuri, shemeji habari za siku, na hiyo ilinikera kuliko angenitukana. Akaona bomba la jikoni linavuja. Akalitengeneza bila kuambiwa. Mtu wa visasi sana huyu!

Wakati wa chakula akasema, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba ana kundi jipya na mafundi bomba wenzake. Wimbo wao ni "Bomba Limepasuka". Wameshautuma kwa mtangazaji. Halafu akachukua vijiko viwili akaanza kugonga ukingo wa meza taratibu huku akisubiri chai. Mama yake akatikisa kichwa kwa kuufuata mdundo. Mke wangu pia. Mguu wangu nao ukaanza, nikaukanyaga kwa mguu wa pili.

Aligonga vizuri. Niliumia. Naliandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Sekunde za wimbo mpaka sasa: tano.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya ajabu kuliko zote.

Asubuhi, mkosi. Zahanati iliagiza muhuri wa AMEPIMWA. Mawazo yangu yalikuwa kwenye ngoma, nikachonga AMEPIGWA. Wagonjwa thelathini walishapigwa muhuri kabla daktari hajavaa miwani. Bosi amesema mafua yangu yamepanda kichwani.

Jioni nimekuta nyumba imechafuka. Mama mkwe amefungua barua pepe yake, hufanya hivyo kila Jumatatu. Amekuta ujumbe wa programu: Mpiga Ngoma Mpendwa, tumeona hujapiga kwa siku mbili. Je, umekata tamaa? Yaani hakuliona neno ngoma! Aliona hujapiga, akaona umekata tamaa, na hapo hapo damu ikamchemka. Miaka thelathini na mmoja hakukosa kazini hata siku moja, hata siku aliyofiwa na shangazi. Leo mtu asiyemjua anamwambia amekata tamaa! Akatangaza kwamba atamwandikia mkurugenzi wa hao watu barua rasmi. Nikasema sawa mama, andika tu, mradi asiniulize wao ni kina nani.

Nikatoka mara moja kununua nyuzi za gitaa. Kumbe kompyuta nimeiacha wazi, programu inarekodi, na vipokea sauti vimechomekwa. Mama akaingia chumba cha nyuma na rasimu yake ya mkono, akaketi, mgongo wima. Mpiga chapa aliyefunzwa haangalii vitufe wala kioo. Macho yake yako kwenye rasimu mwanzo hadi mwisho. Na katika programu hii kila kitufe cha herufi nacho ni ngoma, kwa mwenye vidole vya kasi; mimi sina, ndiyo maana natumia kipanya.

Nimerudi nikamkuta anatoka, anajinyoosha vidole. Akasema barua imekwisha, niitoe kwenye karatasi, niitume, na nakala ya faili nimpe yeye. Nikatazama kioo. Hakuna hata neno moja. Kuna mapigo, mamia kwa mamia!

Nikavaa vipokea sauti. Nikasikiliza.

Mungu wangu.

Ngoma ya mguu iko kwenye herufi A. Na lugha yetu, nani asiyejua, imejaa A kama sakafu ya kinyozi ilivyojaa nywele! Malalamiko. Mkurugenzi wa masuala ya wateja. Kwa heshima na taadhima! Miguu ya Radi, yote miwili, haijawahi kufanya kilichofanywa na kidole kidogo cha kushoto cha mama mkwe kwenye "taadhima". Kila neno likiisha, toazi kubwa, kwa sababu toazi liko kwenye kitufe cha nafasi. Na YAH: kwa herufi kubwa ilipigwa kama mlango wa jela.

Nywele zimenisimama mikononi. Akauliza kwa mbali kama barua imetoka. Nikasema imetoka, mama, imetoka vizuri mno.

Jumanne, 11 Juni

Nimeoanisha gitaa langu na barua. Mapigo yake hayayumbi hata unywele. Amenisimulia, bila kujua kwa nini nauliza, kwamba chuoni walijifunza kwa kufuata mdundo wa santuri, na aliyekosea alichapwa rula.

Kasi tu ndiyo haikuwiana. Imebidi nipunguze kasi ya wimbo, na nikate ubeti mmoja ili urefu ubaki ule ule. Sasa unakwenda taratibu kidogo, una mahali pa kuvuta pumzi, na umekuwa mzito zaidi. Wazo zuri sana, sijui lilinijiaje.

Lakini barua ina dakika moja na sekunde hamsini. Inabaki dakika moja na nusu ya wimbo, kavu kabisa. Nimemwomba mama apige chochote tu, hata orodha ya vitu vya sokoni, nikisema najaribu vitufe. Akapiga. Nyanya, vitunguu, sabuni. Nikasikiliza. Manyunyu! Hakuna hasira, hakuna uzito, hakuna metali.

Nimeelewa. Mama huyu hupiga vizuri akiwa na kinyongo tu. Na kinyongo kinatafutwa.

Jumatano, 12 Juni

Nimetengeneza jibu la mkurugenzi. Kazini, wakati wa chakula, nimechonga muhuri: LALAMIKO LIMEPOKELEWA. Mzuri mno, wenye nyota mbili. Nikaandika barua fupi chini ya jina la mkurugenzi asiyekuwapo: Bwana mpendwa, barua yako tumeiona, tunadhani umri umekufikia, pumzika.

Hilo Bwana ndilo ninalojivunia.

Mama aliisoma amesimama. Akaikunja mara mbili. Sikuona hasira, nikapata wasiwasi kwamba mpango umeharibika. Akaenda jikoni, nikamsikia akimuuliza binti yake polepole kama kweli ameanza kuzeeka. Mke wangu akamwambia hapana mama, nani kasema? Akajibu hakuna, watu tu.

Nikaona haya. Haya ya kweli, kifuani. Nilikaa nayo dakika nne nzima kwenye ukingo wa kitanda, na nusura niende kumwambia.

Kisha nikasikia kiti cha chumba cha nyuma kikivutwa. Nikakimbia kuwasha programu, nikamfutia kiti vumbi, nikamsogezea taa.

Barua ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ina vifungu. Ina "kwa mara ya pili na ya mwisho". Na mwishoni ameweka Nakala kwa:, watu tisa, kila mmoja na mstari wake, na kila mstari mpya ni ile ngoma nene ya chini. Du! Du! Du! Nimeuweka mwisho wa wimbo juu ya zile nakala tisa. Nimetokwa na machozi. Nakala ya faili ameniulizia tena. Nimesema wino umekwisha.

Alhamisi, 13 Juni

Nimetuma! Saa tano asubuhi, saa moja kabla ya mlango kufungwa. "Kutu ya Milele", dakika tatu na sekunde ishirini.

Fomu ya mtangazaji iliuliza jina la mpiga ngoma. Nilifikiri kwa haki kabisa. Nani aliichagua programu? Mimi. Nani alichokoza kinyongo? Mimi. Nikaandika: Mimi mwenyewe.

Ijumaa, 14 Juni

Simu imelia nikiwa nachonga muhuri wa shule. Mtangazaji! Wimbo wangu umechaguliwa! Nimepiga kelele mpaka Bosi akajikata kidole.

Mtangazaji akasema gitaa ni la kawaida, sauti tutazungumza, lakini ngoma! Hajasikia ngoma kama hizo tangu aanze kazi. Kama kuna mtu anagombana na dunia nzima, lakini kwa adabu. Akasema kesho, kabla ya wimbo, anataka nipige dakika mbili moja kwa moja studioni, na kompyuta yangu, watu wasikie.

Nikasema bila shaka. Nikakata simu. Nikaketi juu ya ndoo ya gundi.

Siwezi kupiga. Napiga kwa vidole viwili. Mimi ni mhuni.

Saa kumi jioni wazo likaja. Nimemwambia mtangazaji kwamba niliteleza kidogo kwenye fomu, mpigaji ni mtu mwingine, msanii mwenye haya, hapendi maswali. Nimemwambia mama kwamba mkurugenzi ametishika na barua zake, atakuwa redioni kesho saa sita, na anaomba barua ya tatu ipigwe mbele yake. Mama akafungua kabati, akatoa suti ya kijivu ya kazini na bruchi yake, lile pambo la kubana kifuani. Mke wangu akauliza mkurugenzi gani. Nikasema ni habari ndefu. Akasema za kwangu zote huwa ndefu, na njia ya mwongo huwa fupi. Kisha akampigia kaka yake simu, aje na gari la mabomba ampeleke mama yao.

Radi! Hilo sikulipanga.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa chumba cha nyuma, mlango nimefunga.

Studio ni chumba kidogo chenye zulia ukutani na kioo kikubwa. Nilitaka mama aketi nyuma ya pazia. Hakuna pazia. Aliingia na suti yake, akamsalimia mtangazaji, akadai kiti kipandishwe, akapandishiwa. Radi alisimama mlangoni na ovaroli lake, akiulinda mkoba wa mama. Mimi nilijiegemeza kwenye zulia la ukutani na kutabasamu.

Saa sita kamili taa nyekundu ikawaka. Mtangazaji akatangaza: msanii mwenye miaka thelathini na mmoja ya kupiga! (Alikuwa amepata habari kutoka kwangu.) Mama akaweka rasimu, macho mbele, akaanza.

Lakini vipokea sauti havikuwapo. Kulikuwa na spika, mbili, kubwa kama kabati. Akapiga YAH: na ukuta ukatetemeka.

Akasimamisha mikono hewani. Akauliza, redioni, hiyo kelele ni ya nini. Mtangazaji akaitupia jicho rasimu, na kwa furaha akamweleza kila kitu: kila herufi ni ngoma, mama, na zile barua, kumbe ni barua, ndizo wimbo wenyewe. Mama akauliza kwa upole kama barua hizo zilifika kwa mkurugenzi. Mtangazaji akauliza mkurugenzi yupi.

Mama akageuza shingo. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa na mtu aliyetulia kiasi kile.

Kisha akaikunja rasimu, akasema kwa idhini yenu nitaanza upya, na akaanza kupiga huku akitamka kila neno, kama alivyofunzwa.

YAH: TABIA YA MKWE WANGU. Jina langu kamili, la kwanza hadi la ukoo. Kwamba mhusika alimfukuza mwanangu kwa dole gumba, baada ya miaka kumi na minne. Kwamba mhusika alinifungulia maisha ya mpiga ngoma bila ridhaa yangu. Kwamba mhusika aliniita Bwana. Kwamba mhusika alinifanya nijitazame kwenye kioo cha jikoni nikitafuta uzee, na nikauona, nao hauna kosa lolote. Kila A ilinipiga tumboni. Kwenye kifungu cha tatu Radi akashindwa kuvumilia, akachukua kalamu mbili mezani akaanza kugonga kando ya mama yake, polepole, akimwachia nafasi za kuvuta pumzi. Mtangazaji alikuwa amepanda juu ya kiti. Nakala kwa: mke wake. Nakala kwa: mwajiri wake. Nakala kwa: zahanati. Nakala kwa: majirani wote.

Dakika mbili zikawa kumi na tisa. Taarifa ya habari ikaingia. "Kutu ya Milele" haikupata nafasi.

Sikupanda gari lao. Nimerudi kwa miguu. Barabara ya nyuma ya kiwanda cha magodoro, nyumba ya mlango wa bluu, sijui ni ya nani. Dirisha lilikuwa wazi, redio inaunguruma. Wasikilizaji walikuwa wameomba barua irudiwe. Nikasimama pale kwenye jua nikasikia jina langu likitoka ndani kwa mtu nisiyemjua, na familia nzima ikicheka.

Nililia kidogo. Sitaficha.

Jumapili, 16 Juni

Nimeomba radhi. Nimeanza na Radi, ana kwa ana. Amesema shemeji, yameisha, ila siku nyingine nipige hodi. Mtu wa visasi!

Kisha mama. Nimepiga magoti sebuleni, nimesema yote, tangu fomu mpaka muhuri wenye nyota mbili. Mama aliweka kikombe chini. Akasema miaka thelathini na mmoja alipiga barua za watu wengine, na hakuna aliyewahi kusimama juu ya kiti. Hilo, akasema, linampunguzia hasira, ingawa halinipunguzii kosa. Amenisamehe kwa sharti moja: nisimdanganye tena, hata kwa jambo dogo, hata kwa wema. Nimeapa. Mke wangu alikuwa shahidi. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini amesikia kiapo.

Na habari yenyewe! Mtangazaji amepiga simu. Anataka nyimbo nne zaidi, za mama na mwanawe, kufikia mwisho wa mwezi ujao, na programu ya ngoma atailipia yeye. Nimeuliza kama kuna gitaa. Akasema kama lazima.

Jumanne, 18 Juni

Mazoezi ya kwanza, jana jioni. Watu watatu chumba cha nyuma: mama kwenye kompyuta, Radi kwenye ngoma zake, mimi pembeni. Kila mtu na furaha yake. Mama alikuwa anatabasamu.

Hapo ndipo shida ilipo. Alipiga barua ya shukrani. Kwa mtangazaji. Ilikuwa laini, ya kupendeza, kama mtu anayetia chumvi. Radi akasema ni nzuri, ina utulivu. Utulivu! Hatuwezi kupeleka utulivu kwenye kipindi cha metali. Nimelala nikiwaza, nimeamka nikiwaza. Mama ana amani, mwanawe karudi, majirani wanamsalimia dirishani. Hakuna kinyongo ndani ya nyumba hii hata cha kulisha wimbo mmoja, na tunahitaji vinne.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimetengeneza ratiba. Wiki ya kwanza, vitu vidogo vipotee. Wiki ya pili, mtu amsifie mpiga chapa mwingine mezani. Ya tatu na ya nne bado nazifikiria. Hakuna uongo wowote humo. Nimeapa kutodanganya, sikuapa kuhusu vitu.

Kwa hiyo asubuhi hii, alipokuwa anaoga, bruchi yake nimeitia kwenye begi la gitaa.

Namsikia chumba cha mbele. Anafungua kabati. Anafunga kabati. Anauliza, bado kwa upole, nani kaiona. Anafungua kabati tena, kwa nguvu kidogo kuliko mwanzo. Sauti imeanza kupanda vizuri. Naishia hapa, nikawashe programu.